Jani Moja la Kila Mti

6 Februari

Dada,

Shikamoo. Kama umesimama, kaa kwanza. Kama umekaa, jiegemeze vizuri, maana leo nina maneno mengi na kalamu ni mpya.

Hapa nyumbani hatujambo. Wifi yako mzima, anakusalimu, na anasema bado analisubiri lile shuka la maua uliloahidi. Mwanao wa darasa la pili amepoteza meno mawili ya mbele kwa mpigo, sasa akisema "shangazi" tunasikia upepo tu. Kiroboto naye hajambo. Lile trekta letu dogo ukilitia gia ya pili linaruka-ruka, ndiyo maana watu wamelipa jina hilo, lakini likishika kazi, Dada, utalipenda. Nawabebea watu matofali, mchanga, mbolea, na kila ninakopita watu wananipungia mkono.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Wiki iliyopita walikuja watu wa barabara na vigingi vyenye vichwa vyekundu. Barabara ya chini inapanuliwa. Vigingi vimepita shamba la chini, na michungwa ya Mama yote kumi na miwili imeangukia upande wao. Mwisho wa Machi linapita tingatinga, na litakachokikuta litakilaza.

Nimebishana nao mpaka sauti ikakauka. Wanasema taarifa walituma tangu Januari ya mwaka jana, kwa barua ya kusainiwa, kwa mwenye jina kwenye hati, yaani wewe. Nikamwambia yule karani wao kwamba ofisi yao imejaa waongo na wavivu, kwamba dada yangu si mtu wa kupokea barua ya namna hiyo akanyamaza, na nikaongeza mengine ambayo siyaandiki kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu. Hebu niambie, ili nikikutana nao tena niwamalize kabisa: hukuletewa kitu, sivyo?

Usihofu lakini. Michungwa naihamishia shamba la juu, nyuma ya nyumba, kwa Kiroboto. Siku moja tu. Mwenyekiti, Mapacha, Mkaidi, hata yule Mgonjwa wa kona, wote watahama na majina yao aliyowapa Mama.

Mdogo wako,
Mbwembwe


27 Februari

Mdogo wangu Mbwembwe,

Marahaba. Barua yako imefika na duara la kikombe cha chai juu yake, sijui chai ni yako au ya watu wa posta.

Mimi naendelea. Hapa hospitali wametuletea mashine ya pili ya kupiga pasi, pana kama kitanda, lakini mashuka ya wodi ya wazazi bado tunayanyoosha kwa mkono kwa sababu mashine inayachana. Goti la kushoto linauma nikisimama sana, na kazi yangu yote ni kusimama. Chumba ni kile kile, dirisha linatazama ukuta. Mwambie wifi shuka linakuja. Mwambie mwanangu aninyooshee hilo jina langu kabla sijafika.

Sasa nisikilize. Siku moja! Unahamisha miti au masufuria? Mama hakukuita Mbwembwe bure. Umesahau alivyouhamisha ule mti wa karibu na kisima? Alizungushia jembe nusu ya duara, akakata mizizi ya upande mmoja, akauacha msimu mzima uote mizizi midogo. Msimu wa pili akakata nusu iliyobaki. Ndipo akauchimbua na udongo wake, akaufunga gunia, na haukudondosha hata jani. Wewe huna msimu, lakini una wiki chache. Anza siku hii hii unayosoma. Zungushia jembe kila mti. Punguza matawi theluthi moja. Kila mti utoke na donge lake la udongo, ufungwe gunia, ubebwe kwenye kijiko cha trekta pole pole. Mizizi isione jua. Na chokaa! Paka chokaa kwenye shina upande wa mawio kabla hujagusa kitu, ili kule juu uupande ukitazama kule kule ulikozoea. Mama alikuwa anasema mti uliogeuzwa mgongo unaungua.

Usilete watu. Hiyo si ngoma.

Na usisahau miche ile niliibebesha mimi, kwenye makopo ya rangi nyuma ya jiko, mwaka ule nilioondoka. Chini mlimau kwa sababu mizizi yake haichagui udongo, juu jicho la mchungwa mtamu, Mama akinishikia uzi. Kumi na miwili ikashika yote. Nikistaafu nitarudi kukaa kwenye kivuli chake. Huko nyumbani sina kitu kingine, mdogo wangu. Ni hiyo tu.

Dada yako


29 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo tena na tena. Goti linaendeleaje? Wifi yako alisema ulichue kwa mafuta ya vuguvugu. Mwanao jino moja limeanza kuchungulia.

Kazi imekwisha! Michungwa yote kumi na miwili iko shamba la juu, imesimama mistari mitatu, minne minne, ukiitazama kutoka mlango wa jikoni utadhani gwaride. Watu walikuja kutazama, sikuwaalika, walikuja wenyewe. Fundi baiskeli alisema tangu azaliwe hajaona trekta dogo likifanya kazi ya trekta kubwa. Mwalimu mstaafu alinipa mkono. Tingatinga lilifika siku ya nne, halikukuta kitu.

Nisikuchoshe na mambo ya chokaa na magunia, unajua kazi ilivyo. Mvua imeanza kidogo.

Wifi yako hakukuandikia mstari wake wa kawaida, usishangae. Tumekosana kidogo kwa ajili ya kuku. Itapita.

Mdogo wako,
Mbwembwe


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya mwisho kwa sauti, chumba cha pasi chote kikasikiliza. Mwenzangu wa meza ya pili aliuliza, "Trekta dogo? Miti kumi na miwili?" Nikamwambia huyo ndiye mdogo wangu. Nilijisikia mrefu siku nzima. Nimekusema maisha yako yote kwamba unapenda kupigiwa makofi, basi leo pokea ya kwangu. Unastahili.

Goti halijambo. Mafuta ya wifi yamesaidia. Hao kuku walifanya nini? Wifi yangu si mtu wa kununa kwa kuku.

Nina ombi. Unakumbuka Mama alivyokuwa akitia jani la mchungwa kwenye kila barua aliyoniletea? Nilikuwa nalikunja katikati, nalinusa, nakuwa jikoni kwake. Tangu afariki sijanusa. Machipukizi yatakuwa yametoka sasa. Nitumie jani moja la kila mti, na jina lake. Niwasalimu wote kumi na wawili.

Na umwambie Mwenyekiti nakuja Desemba. Safari hii kweli.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, posta ilifungwa kidogo, halafu nikawa na homa, halafu Kiroboto alikuwa na tatizo la pampu. Mvua si haba.

Majani hayo kwenye bahasha. Nimeandika majina kwenye vikaratasi.

Wifi yako anasalimu.

Mdogo wako


25 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini homa imekwisha, kama ilikuwepo.

Bahasha niliipokea wakati wa chai. Niliita wenzangu. Niliwapangia majani juu ya meza ya pasi, nikawasomea majina, huyu Mwenyekiti, hawa Mapacha, huyu Mkaidi. Kisha nikalikunja la Mwenyekiti nikalinusa.

Limau.

Nikalikunja la Pacha wa kwanza. Limau. Pacha wa pili, Mkaidi, nimekunja kumi na moja, meza nzima inanuka limau, na wenzangu wananitazama. Nikawaambia yamechanganyika na majani mengine njiani. Nimedanganya watu wazima kwa ajili yako. Jani la Mgonjwa peke yake ndilo la mchungwa.

Hivi ulidhani nimesahau? Mimi niliyeyatia macho yale kwa mkono wangu? Juu ikifa ndipo shina la chini linatoa machipukizi yake, ya mlimau, yenye miiba. Mtoto wa darasa la pili angejua. Wewe umejua, ndiyo maana barua yako haina hata utani mmoja. Wewe, barua isiyo na utani!

Mama aliipa miti msimu mzima. Wewe uliipa asubuhi moja, sivyo? Mti unataka muda, Mbwembwe, na muda hauazimwi dukani. Nilikuandikia kila kitu. Mama angekuona leo angeinamisha uso. Niambie ulichofanya, chote, au usiniandikie tena.

Dada yako


18 Julai

Dada,

Shikamoo. Wifi yako na mwanao wazima. Meno yote mawili yametoka.

Nimechana barua nne kabla ya hii. Mficha uchi hazai, basi acha nivue.

Barua yako ya chokaa na magunia ilifika mapema, tarehe kumi Machi. Usifikiri ilichelewa. Niliisoma, nikaitia mfuko wa shati. Ningeweza kuanza kuzungushia jembe siku ile ile, hata kabla yake, lakini nilikuwa nazunguka na Kiroboto kuwabebea watu matofali na kupungiwa mikono. Nikasema kesho. Zikapita kesho kumi na moja.

Jumamosi nikashuka shamba la chini. Nilisema sikualika watu. Nilialika. Nilimwambia fundi baiskeli peke yake, na kumwambia fundi baiskeli ni sawa na kupiga mbiu. Saa tatu asubuhi ukingo wote umejaa, wengine wamekuja na vigoda. Nilianza vizuri, Dada, nakuapia. Nilimchimba Mwenyekiti kwa jembe saa nzima, jasho linanitoka, na nimefika robo tu ya duara. Watu wakaanza kupiga miayo. Mmoja akaondoka. Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Mbwembwe, hilo trekta ni la kazi au ni pambo?" Wakacheka.

Nikafunga mnyororo.

Nilimfunga Mwenyekiti shinani, nikapanda Kiroboto, gia ya kwanza. Mwenyekiti alikataa, akakataa, halafu akatoka kwa mlio kama wa shuka linalochanika, na mizizi yake mitupu ikaning'inia juani, udongo wote umebaki shimoni. Mnyororo ulimmenya gome mduara mzima. Nililiona. Nilijua hapo hapo. Na watu wakapiga makofi. Dada, makofi yale yalinilewesha. Badala ya kushuka nikainua mkono kama mgombea. Nikaenda kwa Pacha wa kwanza. Mpaka saa saba nilikuwa nimeng'oa kumi na moja. Kopo la chokaa lilikuwa kwenye sanduku la vyombo, sikulifungua. Barua yako ilikuwa mfukoni, imelowa jasho.

Kuku hawakuhusika. Wifi yako alikuwa amefua magunia kumi na mawili na kuyashona yaliyotoboka, wiki nzima, bila kuniambia. Alikuja nayo kichwani wakati navuta wa mwisho katika ile kumi na moja. Akasimama. Akatazama miti iliyolala, akanitazama mimi nilivyoinua mkono, akayatua magunia pale chini, akarudi nyumbani. Hakunisemesha siku tisa. Siku ya kumi alisema maneno mawili tu: "Mama yako." Akaendelea kuosha vyombo.

Watu walipotawanyika kwenda kula, alikuwa amebaki Mgonjwa wa kona. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kumtazama Mgonjwa. Nikamchimba kwa jembe, halafu kwa mikono. Nilimpaka chokaa. Nilimtoa na donge lake zima, nikamfunga gunia la wifi yako, nikambeba kwenye kijiko mwendo wa konokono, Kiroboto hakuruka hata mara moja. Kumbe nilijua kazi. Hilo ndilo linaloniumiza, Dada. Ningekuwa sijui, ningesema sikujua. Kumi na moja niliiua mbele za watu, mmoja nikauokoa nilipokuwa peke yangu.

Wiki ya kwanza majani yalijikunja. Watu waliuliza, nikasema imelala tu. Wiki ya tatu yalikauka yakawa yanalia upepo ukipita, na shamba lile liko mlangoni pa jikoni, huwezi kupika chai bila kuyasikia. Sasa natoka kwa mlango wa mbele. Napita njia ya nyuma ya ghala ili nisikutane na fundi baiskeli. Kiroboto nimemfunika turubai. Mtu akinipungia mkono najifanya naangalia saa, na saa sina.

Ulipoomba majani nilikuwa na mti mmoja mzima na mashina manne yaliyotoa machipukizi chini ya kovu la kubebeshea. Niliiona miiba. Nilijua ni mlimau. Mgonjwa nilimchuma jani moja, nikaogopa kumchuma la pili. Kumi na moja nikachuma kwenye miiba, nikakaa mezani, nikayaandikia majina aliyotoa Mama. Nimefanya mengi ya kijinga lakini hilo la majani ndilo linaloniamsha. Naona aibu mpaka ya mwanangu, ambaye hajui kitu, ambaye kila asubuhi anamwagilia miti iliyokufa kwa kopo kwa sababu nilimwambia imelala.

Ulisema muda hauazimwi. Ni kweli. Sina kisingizio.

Lingine ni dogo. Juzi nilikwenda ofisi ya barabara kumwomba radhi yule karani. Nilimtukana bure kwa makosa yangu mwenyewe ya kupenda makelele. Ni mtu mpole, alinipa kiti. Alifungua daftari la barua za kusainiwa, akanigeuzia ukurasa. Nikautazama. Nikamwomba radhi mara ya pili, nikatoka. Hilo limekwisha.

Usije Desemba kama hutaki. Nitaelewa.

Mdogo wako


3 Septemba

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako wiki tano. Siyo posta. Ni mimi.

Salamu kwanza, ili Mama asinicheke. Goti limevimba. Mashine ya pili ya pasi imeharibika. Shuka la wifi limo ndani ya kifurushi hiki, na mwambie kila upindo nimeupiga pasi mwenyewe.

Ndani ya shuka kuna bahasha ndefu ya kaki. Usiifungue kabla hujamaliza kusoma.

"Hilo limekwisha." Maneno mawili, umeyaweka mwishoni kama mtu anayefunga mlango taratibu asiamshe aliyelala. Umeiona sahihi yangu kwenye daftari lile. Umeiona baada ya mimi kukuandikia kwamba Mama angeinamisha uso. Na hukuniambia kitu, uliniachia tu nafasi. Ungenitukana ingenisaidia zaidi.

Ndiyo. Barua ya barabara niliipokea mimi. Januari ya mwaka jana, tarehe kumi na tisa, msambaza barua aliniletea kazini, nikaweka sahihi juu ya meza ya pasi. Nilisoma mistari mitatu: barabara, shamba la chini, muda wa kuhamisha mimea. Nikaikunja. Nikaitia kwenye droo chini ya vitambaa vya kupigia pasi, na kila nilipochukua kitambaa niliiona pembe yake, nikaisukuma ndani zaidi.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza miezi kumi na tisa. Nadhani ni hivi. Kila mwaka nasema nakuja, na kila mwaka siji. Likizo sipewi, goti, nauli, sababu hazikosekani. Lakini nilikuwa najiambia si kitu, miti ipo, kivuli kinanisubiri. Barua ile ilisema hakisubiri. Kama ningekuandikia, ungeniambia, "Dada, njoo tuihamishe pamoja," na ningelazimika kuja, nionekane na mguu huu wa kuburura na begi moja baada ya miaka yote. Niliona aibu kurudi mikono mitupu. Basi nikanyamaza. Nilidhani barua ikikaa gizani, na barabara itakaa.

Halafu wewe ukaniuliza waziwazi, "Hukuletewa kitu, sivyo?" Nami nikakujibu kuhusu chokaa. Nilijaza ukurasa mzima mafundisho ya Mama ili pasibaki nafasi ya swali lako. Msimu mzima, nilikuandikia, Mama aliupa mti msimu mzima! Msimu wako ulikuwa kwenye droo yangu. Miezi kumi na minne. Ungezungushia jembe nusu, ukasubiri mvua ipite, ukazungushia nusu ya pili. Hata kwa uvivu wako, hata na kesho zako kumi na moja, ungepata. Nyani haoni kundule, mdogo wangu, na mimi nilikaa juu ya langu nikikuonyesha lako.

Sisemi mnyororo ulikuwa sawa. Haukuwa sawa, na majani yale yaliniumiza kuliko miti. Lakini wewe ulidanganya miezi mitatu kwa kuwa umeshaharibu. Mimi nilinyamaza kabla, wakati bado kuna cha kuokoa. Nimepima, langu ndilo zito. Niliwaambia wenzangu wa pasi ukweli wote jana, wa kwako na wa kwangu, nikiwa nimesimama pale pale nilipoyapanga majani. Mwenzangu wa meza ya pili alinisogezea kiti.

Kama yale mashina manne bado yanachipua, usiyakate. Acha chipukizi moja lenye nguvu kila shina, mengine ondoa. Mizizi ile ni ya mlimau, imevumilia mnyororo wako na kimya changu. Mgonjwa ana macho ya kutosha. Bado najua kubebesha, mkono haujasahau, nahitaji tu mtu wa kunishikia uzi.

Nimepewa likizo kuanzia tarehe moja Desemba. Nakuja na begi moja. Nachechemea. Mwambie wifi asishtuke.

Sasa fungua bahasha. Ni haki yako kuisoma.

Dada yako


26 Septemba

Dada,

Shikamoo.

Shuka limefika. Wifi yako amelitandika, akalitandua, akalikunja tena akaliweka kabatini, anasema litalaliwa Desemba na wewe kwanza. Mwanao nilimwambia ukweli kuhusu miti. Aliuliza kama Mgonjwa naye amekufa. Nikamwambia hapana. Basi sasa maji yote anamwagia yeye, itabidi nimzuie asimzamishe.

Mashina yanayochipua ni matatu, si manne. Moja limekauka mwezi huu, alikuwa Mkaidi. Nakuandikia hivyo kwa sababu nimeapa kutokuandikia idadi ya uongo tena. Lililo hai na nguvu kuliko yote ni la Mwenyekiti. Ile minane nimeing'oa, nimeipasua kuni. Niliifanya kazi hiyo mchana, mlango wa jikoni wazi, na fundi baiskeli alipita akaniona. Aliuliza, "Haikushika?" Nikamwambia, "Niliiua kwa mnyororo." Akasema hata yeye alipiga makofi. Kisha nikamtajia kwamba unakuja tubebeshe upya, akaniuliza lini, watu waje kutazama. Nikamwambia hakuna cha kutazama.

Njoo na begi lako moja. Nitakupokea na Kiroboto, nimeweka mto kwenye kijiko cha mbele kwa ajili ya goti, na gia ya pili sitaigusa. Uzi nimenunua. Kisu cha Mama wifi yako amekinoa.

Bahasha ya kaki sikuifungua. Nimeitia kwenye sanduku la vyombo, pamoja na lile kopo la chokaa. Ukitaka isomwe tutaisoma wote wawili.

Na lile la ofisini halikuisha kama nilivyosema, acha nilimalize. Yule karani aliponigeuzia daftari, aliweka kidole chini ya sahihi yako, ile "D" yenye mkia uliyonifundisha mimi kuandika, akaniuliza kwa upole kama naijua ni ya nani. Nilimwambia siijui. Katika mwaka huu wa uongo, huo ndio peke yake ambao sitauombea radhi.

Mdogo wako,
Mbwembwe